Kusaka virusi kwenye majitaka kabla hospitali hazijajaa: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Ninunue mashine gani ya PCR, ile ya kuzidisha na kupima vinasaba? Nichukue sampuli ngapi? Mbona juzi tulikipata kirusi na leo hatukioni? Wengi wanaouliza wameshapata fedha, maabara wanayo, na hamu ya kuanza ni kubwa. Walichokuwa bado hawajafanya ni kusimama kando ya chemba saa 12 asubuhi wakatazama maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Nawaandikia wao. Nitakaa sana shimoni na kidogo maabara, kwa sababu shimoni ndiko kazi nyingi huharibikia, na sampuli ikishaharibika hakuna mashine ya kuiponya.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Mtu aliyeambukizwa hutoa virusi, au vipande vya vinasaba vyake, kwenye kinyesi, mkojo, mate na makamasi. Mara nyingi huanza kuvitoa kabla hajajisikia mgonjwa, na wapo wasiougua kabisa. Polio ndiyo mfano wa wazi: katika watu 200 hivi walioambukizwa, mmoja ndiye hupooza. Ukingoja mtoto apooze ndipo ujue, kirusi kimeshapita kwa mamia. Majitaka huwapima wote kwa mkupuo, bila foleni na bila kuulizana majina. Mwaka 2013 Israel ilikikuta kirusi cha asili cha polio kwenye majitaka ya kusini mwa nchi, ikawapa chanjo ya matone watoto walio chini ya miaka 10, na hakuna mtoto aliyeripotiwa kupooza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha maandishi kutoka kwa wenye mtandao wa majitaka, na fundi wao mmoja anayeyajua mabomba kwa kuyazoea.
- Ramani ya mtandao huo, hata kama imechakaa.
- Chupa za plastiki za lita 1 zilizosafishwa kwa ajili ya vijidudu, zenye mfuniko wa kukaza. Beba mbili za ziada kila safari.
- Ndoo ndogo au kopo la chuma kisichoshika kutu, lenye kamba au mpini mrefu.
- Glavu za ndani nyembamba na za juu nene, miwani ya kinga, barakoa, aproni isiyopitisha maji, buti za mpira.
- Kipimo cha hewa ya sumu, kama unafungua chemba.
- Boksi la baridi, pakiti za barafu, na kipimajoto kinachoweka kumbukumbu safari nzima.
- Maji ya klorini ya asilimia 0.5, mifuko miwili kwa kila chupa, karatasi za kufutia.
- Lebo zisizobanduka na kalamu isiyofutika.
- Maabara iliyokubali kwa maandishi kupokea sampuli zako, siku gani na saa ngapi.

Mashine ya kuchukua sampuli yenyewe kwa saa 24 ni nzuri, lakini usiahirishe kazi kwa kukosa mashine. Ufuatiliaji wa polio umejengwa kwa miaka mingi juu ya ndoo na kamba.

Hatua ya 1: Andika nani atafanya nini matokeo yakija

Chukua karatasi moja. Juu kabisa andika jina la kirusi unachokitafuta. Chini yake andika: tukikipata, nani anapigiwa simu siku hiyohiyo? Ana mamlaka ya kufanya nini: kuagiza chanjo, kuongeza vipimo, kutuma wahudumu mitaani, kuziandaa wodi? Atataka ushahidi kiasi gani ndipo ainuke? Kaa naye, kubalianeni, atie saini.

Niliwahi kuwa kwenye kazi ambayo grafu ilipanda wiki tatu mfululizo na hakuna aliyeitazama. Matokeo tulikuwa tunayatuma kwa ofisa aliyekwisha kuhamishwa. Tulikuja kugundua hospitali zilipokuwa zimejaa. Tangu siku hiyo sijazi chupa ya kwanza kabla karatasi hiyo haijasainiwa.

Kirusi unachokichagua ndicho kinachoamua mengine yote. Kwa polio, sampuli moja yenye kirusi inatosha kupiga kengele. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, serikali inatakiwa kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini tukio. Kwa UVIKO-19 au mafua ni tofauti: kirusi kimo siku zote, unachotafuta ni kupanda na kushuka. Asiyeitofautisha michezo hii miwili atapiga kengele kila wiki mpaka watu waache kumsikiliza.

Hatua ya 2: Tafuta kituo cha kuchukulia sampuli

Hapa usifanye haraka. Kituo kibaya kitakudanganya mwaka mzima.

Anza na fundi wa majitaka. Ramani ya ofisini inaonyesha mabomba yalivyojengwa. Fundi anajua yalivyo leo, lipi limeziba, lipi limechepushwa, pampu ipi hulala usiku. Mwulize maswali manne: maji haya ni ya watu wangapi? Yanachukua saa ngapi kufika hapa? Kuna kiwanda, machinjio au hospitali inayomwaga humu? Mvua ikinyesha, maji yake yanaingia?

Kwa polio, eneo linalopendekezwa ni la watu kati ya 100,000 na 300,000. Likiwa dogo sana, siku nyingi utakosa kitu hata kama kirusi kipo. Likiwa kubwa mno utajua kipo lakini hutajua kiko wapi. London iliona hili mwaka 2022. Kirusi cha polio cha aina ya 2, kilichotokana na chanjo ya matone, kilikutwa kwenye mtambo wa Beckton unaopokea majitaka ya watu wapatao milioni 4. Taarifa kubwa, ila mtaa gani? Ikabidi wapande juu ya mkondo, bomba kwa bomba, na Agosti mwaka huo watoto wote wa London wa miaka 1 hadi 9 wakapangiwa dozi ya ziada.

Ukishapata pa kufikiria, patembelee mara tatu: alfajiri, mchana, na baada ya mvua. Tazama rangi na kasi ya maji. Maji yenye rangi ya kiwanda, povu jingi au harufu ya klorini yanaua au kuficha kirusi unachokitafuta. Wakati mmoja kituo chetu kilitupa majibu hasi kila Jumatatu na chanya siku nyingine. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba jengo kubwa la juu ya mkondo lilisafisha sakafu zake kwa klorini kila Jumatatu asubuhi. Maabara ilikuwa haina kosa. Tuliligundua kwa kuongea na mlinzi wa geti.

Makosa ya kawaida hapa:

- Kuchukua sampuli kwenye maji yaliyokwisha kutiwa dawa mtamboni. Chukua yanapoingia, kabla ya kusafishwa.
- Kuchagua mto mkubwa kwa sababu ni rahisi kuufikia. Maji mengi hukichanganya kirusi hadi kikapotea.
- Kusahau watu wasiounganishwa na mabomba. Penye mifereji ya wazi inayopokea maji ya vyoo, mfereji unafaa kabisa kuwa kituo, mradi ujue nyumba zipi zinaumwagia. Penye vyoo vya shimo, watu wale hawamo kwenye hesabu yako, na ni lazima useme hivyo wazi katika kila taarifa. Mara nyingi hao ndio chanjo imewafikia kwa shida.

Hatua ya 3: Linda mwili wako

Kabla ya siku ya kwanza, timu nzima iwe imechanjwa polio, homa ya ini A, pepopunda na homa ya matumbo.

Usiingie ndani ya chemba. Kamwe. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla usidhani hewa imekuwa safi. Ndoo ndiyo inayoshuka, wewe unabaki juu. Nendeni wawili au zaidi, na mwenzako akianguka shimoni usimfuate: ita waokoaji wenye mitungi ya hewa. Watu wengi wamekufa wakijaribu kumtoa aliyetangulia.

Usile, usivute sigara, usishike simu ukiwa na glavu. Simu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na ndiyo inayokwenda moja kwa moja shavuni.

Hatua ya 4: Chukua sampuli

1. Fika wakati watu wengi wanatumia choo, ukijumlisha saa za safari ya maji bombani. Kwa kawaida ni asubuhi mapema. Chagua saa moja na uishike kila mara.
2. Kama ni chemba, shusha kipimo cha hewa kwanza, ungoja kitulie.
3. Suuza ndoo mara tatu kwa majitaka yaleyale ya hapo, ukiyamwaga upande maji yanakokwenda.
4. Chota katikati ya mkondo, maji yanapokimbia. Usichote povu la juu, usikwangue tope la chini, usichote kwenye kona maji yaliposimama.
5. Jaza chupa ukibakiza nafasi kidogo juu, karibu unene wa vidole viwili. Iliyojaa pomoni humwagika ikifunguliwa.
6. Kaza mfuniko. Sasa tu ndipo uifute nje kwa klorini, na iache ikauke kabla ya kuitia kwenye mifuko yake miwili.

Mpangilio wa namba 6 si mapambo. Nimeona mtu mwangalifu sana akipangusa mdomo wa chupa kwa klorini kabla ya kufunga, akidhani anaongeza usafi. Tone moja likiingia, linaanza kumla kirusi njiani. Kama unahofia klorini imo kwenye maji yenyewe, maabara ikuwekee sodiamu thayosulfeti ndani ya chupa mapema, huivunja nguvu.

Kila mwezi, beba pia chupa ya maji safi, ifungue kituoni, mimina kupitia ndoo iliyosafishwa, ipeleke maabara kama sampuli nyingine. Ikitoka na kirusi, uchafu uko kwenye vyombo vyako.

Polio huhitaji angalau sampuli moja kwa mwezi kwa kila kituo, na zaidi mlipuko ukishukiwa. Kwa virusi unavyofuatilia mwenendo wake, mara mbili kwa wiki ni mwanzo mzuri. Mara moja kwa wiki inavumilika. Chini ya hapo usichore grafu.

Hatua ya 5: Andika papo hapo

Lebo iwe imebandikwa kwenye chupa ikiwa kavu kabla hujafika. Pale kituoni jaza: namba ya kituo, tarehe, saa na dakika, jina la aliyechota, joto la maji, mvua ya saa 24 zilizopita, rangi na harufu, na kiasi cha maji yanayopita kama kuna kipimo. Usiseme utakumbuka ukifika garini. Miezi mitatu baadaye, grafu ikiruka bila sababu, neno "mvua kubwa usiku" kwenye fomu iliyolowa ndilo litakalokuokoa.

Hatua ya 6: Safirisha kwenye baridi

Weka chupa wima, pakiti za barafu pande zote, kipimajoto katikati. Lenga nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Fikisha maabara ndani ya saa 24. Ukichelewa, weka kwenye friji, na usigandishe majitaka ghafi yanayokwenda PCR: kuganda na kuyeyuka huvivunja vinasaba. Kinachogandishwa, kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi, ni kile kilichokwisha kuchujwa au kutolewa vinasaba.

Usimpe dereva boksi bila kumweleza. Dereva asiyejua kilichomo hulianika juani akinywa chai.

Hatua ya 7: Maabara, kwa ufupi

Virusi ni vichache ndani ya maji mengi, hivyo kazi huwa na vipande vitatu: kuvikusanya, kutoa vinasaba, kupima.

Kabla ya chochote, tia kwenye sampuli kiasi unachokijua cha kirusi kisicho na madhara kwa watu; maabara nyingi hutumia kirusi cha korona cha ng'ombe. Mwisho wa safari utaona kimebaki kiasi gani, na hicho ndicho kipimo cha upotevu wako. Kukusanya kunaweza kufanywa kwa PEG (kemikali inayovifanya virusi vijikusanye) na mashine ya kuzungusha, kwa kichujio chembamba, au kwa shanga za sumaku. Usibadili njia katikati ya mwaka. Njia ya wastani isiyobadilika inashinda njia bora tatu zinazopokezana.

Tenganisha chumba cha kuandaa PCR na chumba cha kufungulia vinasaba vilivyokwisha kuzidishwa na mashine. Watu, makoti na pipeti visirudi nyuma. Kila mzunguko wa mashine uwe na kisima (kitundu kimoja cha sahani ya PCR) cha maji matupu na kisima chenye kirusi kinachojulikana.

Kwa polio, usijaribu nyumbani kwako. Maabara za mtandao wa Shirika la Afya Duniani huchakata nusu lita ya majitaka na kukiotesha kirusi kwenye seli hai, kazi ya siku zaidi ya 10. Kinachopatikana kinaweza kuwa hai, na kirusi cha asili cha aina ya 2 kilithibitishwa kutokomezwa mwaka 2015, cha aina ya 3 mwaka 2019. Hatutaki kitoroke kupitia sinki la mtu.

Hatua ya 8: Soma namba bila kudanganyika

PCR itakupa nakala za kirusi kwa lita. Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Tuseme umepata nakala 50,000 kwa lita, kwa siku zinapita lita milioni 12, na watu ni 100,000. Zidisha, kisha gawanya kwa watu: nakala milioni 6 kwa mtu kwa siku. Wiki inayofuata mvua imenyesha, umepata 25,000. Utafurahi kwamba maambukizi yamepungua nusu? Tazama maji: lita milioni 24. Hesabu inarudi palepale, milioni 6.

Pasipo na kipimo cha maji, linganisha na kirusi cha mpilipili, ambacho maabara hukiita PMMoV. Watu hukila kwenye vyakula vya pilipili na kukitoa kwa wingi bila kuugua, kwa hiyo kinaonyesha kinyesi cha binadamu ni kingi kiasi gani ndani ya chupa.

Sampuli moja iliyopanda ni sampuli moja. Chora kila nukta, pitisha mstari katikati ya tatu za mwisho, na uamke zikipanda zote. Usilinganishe namba ghafi za miji miwili, na usitangaze idadi ya wagonjwa kutokana na majitaka: watu hutofautiana mno katika kiasi wanachotoa.

Hatua ya 9: Panda juu ya mkondo, kisha chukua hatua

Ukipata kirusi, rudi kwenye ramani. Mabomba yanapogawanyika, chukua sampuli pande zote mbili asubuhi ileile. Upande wenye kirusi, panda tena hadi njiapanda inayofuata. Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Arizona kilipata dalili za UVIKO-19 kwenye majitaka ya bweni moja, kikawapima watu 311, na wawili wakakutwa nacho bila dalili yoyote. Wakatengwa ili wasiwaambukize wenzao.

Ila kuwa na kikomo. Ukishafika kwenye jengo la watu wachache, umeshaanza kunyooshea watu vidole. Kubali mapema na viongozi wa afya ni kiwango gani cha udogo hamtavuka, na usitaje mtaa hadharani kabla wahudumu hawajafika huko na chanjo au vipimo mkononi. Watu wakiona jina lao limetangulia huduma, mlango unafungwa.

Na usiogope kwamba itachukua muda. Gaza, sampuli za majitaka zilizokuja kukutwa na polio zilichukuliwa tarehe 23 Juni 2024, chanjo ikaanza Septemba 1 katikati ya vita. Kati yake, Agosti, mtoto wa miezi 10 alithibitishwa kupooza. Zikumbuke tarehe hizo unapoona karatasi ya Hatua ya 1 inacheleweshwa kusainiwa.

Mambo yakienda kombo

Kirusi ulichokitia mwenyewe hakionekani, au kimeshuka ghafla. Yapo mawili: kimepotea wakati wa kukusanya, au kuna kemikali inayozuia PCR. Zimua vinasaba mara 10 kwa maji safi, upime tena, na uzidishe jibu kwa 10. Namba ikipanda, ni kemikali. Tumia dawa za kuondoa vizuizi au PCR ya kidijitali, inayovumilia zaidi. Isipopanda, rudia kukusanya.

Kisima cha maji matupu kimetoa kirusi. Tupa mzunguko wote, hata kama unapenda majibu yake. Safisha, badili maji na kemikali zilizokwisha kufunguliwa, uanze upya.

PMMoV imeporomoka pamoja na kirusi chako. Tazama fomu: mvua, bomba lililopasuka, au aliyechota alifika saa tatu badala ya saa kumi na mbili. Sampuli irudiwe kesho, na nukta ya leo iwekewe alama.

Chupa imefika na joto la nyuzi 20. Pima ukitaka, lakini jibu hasi usilihesabu. Jibu chanya bado lina maana.

Chanya, hasi, chanya, hasi. Huenda wanaotoa kirusi ni wachache, na kila chota ni bahati. Ongeza mara za kuchukua, au tumia mashine ya saa 24, au ning'iniza shashi ndani ya mkondo kwa siku moja hadi tatu kisha uikamue. Shashi hiyo ni mbinu ya zamani: Brendan Moore aliitumia Uingereza miaka ya 1940 kuufuata ugonjwa wa matumbo bomba kwa bomba.

Hasi tupu kwa miezi mingi. Usishangilie kwanza. Waulize maabara kama wanapata virusi vingine vya kawaida vya utumbo, jamaa za polio, kwenye kituo hicho. Kituo kizuri huvipata katika angalau nusu ya sampuli. Kama hata hivyo havionekani, hasi zako hazina thamani. Mrudie fundi, mfungue chemba pamoja, na mtafute mahali pengine.